Kikundi cha Jumamosi Mwananyamala: miezi 14 bila kuambiwa "shauri yako"

Jina la kanisa sitaliandika na naomba hata wanaolijua wasiliandike. Sio kwamba kuna kitu kibaya, ni kwamba kati ya wanaokuja pale wapo ambao bosi wao hajui, wapo ambao mke hajui, na siku watu wakianza kupita kuchungulia nani anaingia basi nusu ya viti vitabaki vitupu. Kwaiyo naielezea huduma ilivyo, mazuri yake na mapungufu yake, na mwenye shida atajua aulizie wapi.

Ni kikundi cha watu wenye ulevi, unga (heroini), kubeti, na mambo mengine ambayo mtu ameshindwa kuyaacha. Kinakutana kila Jumamosi saa 10 jioni kwenye ukumbi wa bati nyuma ya kanisa, upande wa Mwananyamala. Viti vya plastiki, feni mbili ambazo nilipofika moja ilikuwa haizunguki (kapasita tu, nilikuja kuibadilisha mwenyewe, mi ni fundi friji na AC), sufuria la chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Ni bure. Kuna kopo la mchango pembeni ya mlango ila hakuna anayelizungusha wala kusoma majina ya waliotoa, na kwa sisi tuliozoea bahasha za sadaka hilo peke yake lilinishangaza.

Nianze na siku ya kwanza maana ndo iliyonifanya nirudi. Nilifika nimekunywa. Sio kidogo, nilikuwa nimepiga toti tangu asubuhi ili nipate ujasiri wa kwenda, ndo ilivyo kwa mlevi, unakunywa ili uende kuomba msaada wa kuacha kunywa. Mlangoni alikuwepo mama mmoja mtu mzima, nesi mstaafu, ndiye anayeongoza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekunywa leo?"

Nikasema nimekunywa. Akaniangalia, akasema "Haya, kaa pale karibu na feni, ukitaka kutapika ndoo iko nyuma ya pazia. Chai ina sukari nyingi, kunywa." Basi. Hakuna kukemea, hakuna kushikwa kichwa, hakuna kusimamishwa mbele. Nikakaa. Nilikuwa na miaka 39 na tangu 2009 sikumbuki mtu aliyejua nimekunywa halafu akanipa kiti.

Utaratibu wao ni huu, aliyelewa anakaa karibu na mlango, haruhusiwi kushuhudia wala kuchangia siku hiyo, lakini anapewa chai kama wengine, anasikiliza, na wakimaliza kuna mtu anamsindikiza mpaka kwenye daladala au bajaji. Nimeona sehemu nyingine mtu akija amelewa anafukuzwa ili "asiharibu uwepo". Mi nauliza, sasa mlevi aje lini.

Lazima niseme nilikotoka ili mwelewe kwa nini naipa uzito hii. Nilipoanza kunywa nilikuwa napata kazi nzuri za kufunga AC kwenye maofisi, hela ya jioni ilikuwepo, tukawa tunanunua viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, kimoja mfukoni kimoja kwenye boksi la spana. Serikali ilipovipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017 nilifurahi kweli, nikasema sasa nimeokolewa, na hata wiki haikuisha nikawa napima toti dukani na baadae gongo huko uswahilini. Hapo ndo nilijua tatizo halikuwa kipakiti. Mke akaondoka na watoto. Mwaka uliofuata nikapelekwa na ndugu kwenye sehemu moja ya maombi, sitaitaja, wakaniambia nifunge siku tatu kavu bila maji na nisimeze dawa yoyote kwa kuwa dawa ni kukosa imani. Siku ya pili usiku nikaanguka kama mtu wa kifafa, nikajing'ata ulimi, nikawa naona wadudu ukutani ambao hawapo. Walisema ni pepo linatoka. Halikuwa pepo. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka akikata ghafla mwili unaweza kufanya hivyo hivyo na unaweza kufa, na hii nimeijua kwa yule mama nesi, miaka mingi baadae, Jumamosi yangu ya pili pale.

Kwa sababu hiyo ndo kitu cha kwanza wanachofanya, kabla ya maombi marefu kabla ya chochote. Anakuuliza unakunywa kiasi gani, tangu lini, ukiamka asubuhi mikono inatetemeka? umewahi kuanguka? Akiona majibu yanatia wasiwasi anakwambia Jumatatu twende hospitali, na anaenda na wewe kweli, amevaa kitenge chake na pochi ya kwapani, anakaa kwenye benchi anasubiri na wewe. Nililazwa siku 6 nikashushwa taratibu kwa dawa. Alikuja mara mbili na uji. Kuna mchungaji kijana aliwahi kumuuliza mbele yetu, mama si tungeomba tu kwanza? Akajibu "Tumeomba mwanangu, na Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu." Ikaisha hiyo.

Na kwa vijana wa unga ni hivyo hivyo. Wapo kama saba wanaokuja kila wiki, wengi wa Kigogo na Manzese, na karibu wote wako kwenye methadoni. Kwa asiyejua, methadoni ni dawa ya maji, kwa kawaida mtu anaenda kliniki kila siku, narudia kila siku, Jumapili na sikukuu, anakunywa mbele ya nesi na anarudi kwake. Inakaa mwilini zaidi ya siku nzima kwaiyo arosto, yale mateso ya kukosa unga, haimkamati, hahitaji kukwapua simu ya mtu ili apate kete ya unga. Ilianza Muhimbili 2011 halafu Mwananyamala halafu Temeke, na sasa iko mikoani pia, na ni bure. Lakini nendeni mkawasikilize hawa vijana wanavyoambiwa makanisani na misikitini na hata nyumbani, "umehama tu kutoka teja wa mtaani kuwa teja wa serikali". Mmoja alimwaga machozi akisimulia kwamba alikataliwa kubatizwa mpaka aache methadoni. Akaiacha. Wiki ya tatu alikuwa maskani tena kwenye unga, na mwenzake aliyeacha naye siku hiyo hiyo amezikwa, kwa sababu mtu akikaa kidogo bila unga mwili unasahau, akirudi kwa kipimo kile kile cha zamani pumzi inakata. Hili mama analisema kila Jumamosi, kila Jumamosi, hata kama hakuna mgeni, kwamba ukirudi usirudi peke yako na usirudi kwa kipimo cha zamani. Mwanzo nilishtuka, nikaona kama anawafundisha kurudi. Baadae nikaelewa anataka wawe hai wiki ijayo. Maiti haipokei neema.

Wana daftari. Nilidhani ni la kuhesabu siku ambazo mtu yuko klini, yaani hajagusa kitu, kama nilivyosikia wanafanya kwenye masoba, zile nyumba za kuacha ulevi na unga. Hapana, ni la kuhesabu siku ulizokuja. Ukija umelewa unawekewa alama, ukija mzima unawekewa alama ile ile. Kuna baba mmoja ana alama zaidi ya 90 na amerilapsi, yaani amerudia, mara nne ndani yake, na bado ndiye anayefungua mlango na kupanga viti. Nilibishana na hili. Niliona linadekeza watu, nikamwambia mama waziwazi, hapa mnawafanya watu waone kuanguka ni kawaida. Hakunijibu siku ile.

Alinijibu baada ya mwezi wangu wa tano.

Kulikuwa na msiba wa baba mdogo Mbagala, mi nimekaa miezi minne na nusu sijagusa, usiku wa matanga binamu akaniita nyuma ya gari, kikombe cha plastiki, "ya kuondoa baridi tu kaka". Nikanywa siku nne. Kilichoniuma sio pombe kiukweli, ni kwamba Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeshuhudia mbele ya wote kwamba Mungu ameondoa kiu yangu yote. Sasa narudi na sura gani? Sikwenda wiki tatu. Nikazima simu. Wana utaratibu wa wenza, kila mtu ana mmoja wa kumpigia, wangu ni dereva wa bajaji, alipiga hakunipata akaja kijiweni kwangu na soda mbili, akakaa kwenye kopo la rangi, akaangalia nikiunga kompresa ya friji mpaka nikamaliza. Hakuuliza kitu. Akasema tu Jumamosi ntapita saa 9 na nusu. Akapita.

Siku hiyo mama alifundisha juu ya Petro na Yuda, na hadi leo sijui kama alipanga kwa ajili yangu. Nimesikia Yuda akihubiriwa tangu Sunday school lakini sio hivi. Alisema wote wawili walimuumiza Yesu usiku ule ule, Yuda kwa kumsaliti na Petro kwa kumkana, na wote wawili walijuta, msome Mathayo 27, Yuda alijuta kabisa, alirudisha hela, vipande thelathini, na alikiri kwa mdomo wake kwamba amekosa. Shida yake nini? Alikwenda kukiri kwa wale makuhani waliomnunua, na wao wakamwambia, kwa Kiswahili chetu, sisi yanatuhusu nini, shauri yako. Akatoka pale akaenda kujinyonga. Mama akanyamaza, feni inazunguka, halafu akasema "Wangapi hapa mmewahi kukiri mahali mkaambiwa shauri yako?" Mikono ilinyanyuka karibu yote. Wa kwangu pia. Mke alishaniambia, kaka yangu alishaniambia, na mwisho nilikuwa najiambia mwenyewe kila asubuhi kwenye kioo, shauri yako.

Petro naye alilia lakini hakwenda peke yake. Alibaki na wenzake. Na baadae kwenye Yohana 21 Yesu amefufuka, yuko ufukweni alfajiri, amewasha moto wa makaa anawachomea samaki. Mama akatufungulisha nyuma kidogo, Yohana 18, pale Petro alipomkana alikuwa anaota moto gani? Wa makaa. Yaani Bwana amemrudisha kwenye harufu ile ile ya moshi wa usiku wa aibu yake, ila safari hii kuna kifungua kinywa. Anamwambia kwanza njoo ule. Maswali yanakuja baada ya kula. Mara tatu anaulizwa unanipenda, mara tatu kama alivyokana mara tatu, na kila akijibu anapewa kazi, lisha kondoo zangu. Hakuambiwa subiri mwaka mmoja tuone kama utakana tena.

Mi nimekulia Dar, harufu ya samaki wa kuchoma pale soko la Feri naijua tangu mtoto. Nililia mpaka shati likalowa.

Akamalizia na kitu ambacho kimekaa kichwani. Hizi hatua 12 za kuacha ulevi wanazozitumia zimetokana na watu wawili Marekani, mji wa Akron, mwaka 1935, mmoja mfanyabiashara Bill Wilson na mwingine daktari, Bob Smith. Walikutana mwezi wa tano, wakaanza kusaidiana, na wiki chache tu baada ya hapo yule daktari akaenda kwenye mkutano wa madaktari Atlantic City akalewa. Alirudi. Akanywa mara ya mwisho, wenyewe wanasema tarehe 10 Juni 1935, na tarehe hiyo ndo inayohesabiwa kama mwanzo wa chama chao, Alcoholics Anonymous (AA), mpaka leo. Mama akaniangalia, akasema "Daktari angeambiwa shauri yako, sisi tungekuwa wapi?" Hapo ndo jibu la daftari. Sijabisha tena.

Ila wasijidanganye wanaodhani pale neema maana yake unasamehewa na mambo yanaisha. Hapa ndo pagumu na hapa ndo napapenda zaidi. Wanatofautisha sana hatia na aibu, sio kwa maneno haya ya kisomi, mama anatumia 2 Wakorintho 7, kuna huzuni ya Mungu inayokuleta kwenye toba na kuna huzuni ya dunia inayoua. Huzuni ya kwanza inasema nilifanya kitu kibaya twende tukakirekebishe. Ya pili inasema wewe ni takataka, na takataka haina cha kurekebisha, inatupwa, na ndo maana mtu anayejiona takataka anarudi kunywa. Mi nilikunywa miaka kwa sababu ya pili nikidhani ni dhamiri yangu inafanya kazi.

Sasa yangu ni hii. Mama yangu mzazi ni mwanakikundi wa kikoba huko Gongo la Mboto, sanduku lao lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, kwaiyo kwenye sanduku huwezi kuiba. Niliiba kabla haijafika kwenye sanduku. Marejesho ya wenzake aliyokuwa amepokea, 380,000, chini ya godoro. Aliwalipa kwa kuuza cherehani yake. Hakunisema kwa mtu. Ndo kitu ambacho kilikuwa kinaniamsha saa 8 usiku.

Nilipolisema hili kikundini nilitegemea waniambie Mungu ameshasamehe, achilia. Mchungaji akasoma Warumi 8:1, "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu," akasema hii ni yako leo, ulikuja nayo mlangoni huijui. Nikapumua. Halafu akageuza kurasa mpaka kwa Zakayo, yule mtoza ushuru, akauliza, Zakayo alirudisha hela ndipo Yesu akaingia kwake, au Yesu aliingia ndipo akarudisha? Aliingia kwanza. Na baada ya hapo Zakayo akasimama mwenyewe akasema nitarudisha mara nne. "Kwa hiyo cherehani ya mama ni bei gani siku hizi?" Aliniuliza hivyo, usoni. Sikuwa na jibu, nikaenda Kariakoo nikaulizia.

Natuma 20,000 kila Ijumaa kwa simu. Zingine zinachelewa, mwezi wa mvua kazi za AC zinakuwa chache. Wiki kumi za kwanza mama yangu hakujibu kitu, na mwenza wangu aliniambia usitume ili ujibiwe, tuma kwa kuwa ni yake. Wiki ya kumi na moja ikaja meseji: "Imefika. Umekula?" Nimeihifadhi.

Mapungufu sasa, maana yapo na nimewaambia wenyewe.

Wanawake. Wako wachache mno na sio kwamba mtaani hawapo. Dada mmoja aliniambia akiwa mbele ya wanaume thelathini hawezi kusema alivyokuwa anaipata hela ya unga, na ana haki. Kikao cha wanawake peke yao ni mara moja kwa mwezi, haitoshi kabisa, na hakuna mtu wa kushika watoto kwaiyo mwenye mtoto mdogo anakaa nje na mtoto anasikia nusu. Hili linaniuma kuliko mengine.

Muda. Wanasema kikao ni cha saa moja na nusu ila mchungaji akichangamka kinachukua masaa matatu, na vijana wa kliniki wameamka alfajiri, unawaona wanasinzia. Na kwaya inafanya mazoezi ukumbi wa jirani na kinanda chao, kuna nyakati mtu anasema jambo la maisha yake husikii.

Kubwa zaidi, mwaka jana kiongozi mmoja alichukua ushuhuda wa kijana wa pale akausimulia madhabahuni Jumapili, hakutaja jina lakini alitaja mtaa na kazi, watu wakajua. Yule kijana hakurudi miezi miwili. Ni kosa kubwa sana, mahali kama hapa siri ndo ukuta wa nyumba. Ninachowasifu ni kwamba kiongozi alisimamishwa kuongoza, akaenda mwenyewe kwa kijana, na akaja Jumamosi akakaa kwenye viti vya nyuma kama sisi, akaomba msamaha bila kujitetea. Kijana amerudi. Wanasalimiana. Lakini kama una jambo zito, mwambie mama nesi peke yake kwanza kabla ya kulisema kikundini.

Na kama wewe ni Muislamu au huamini kitu usiogope, wapo, ila ujue ni kikundi cha Kikristo kweli, Biblia inafunguliwa na watu wanaomba kwa sauti, hawafichi. Hawakulazimishi kuomba.

Nawapa nyota nne kati ya tano, ya tano wataipata wakiweka kikao cha wanawake kila wiki.

Ukitafuta sehemu ya namna hii hapa Dar, uliza wagonjwa wenzako pale kliniki ya methadoni au hospitali, wao ndo wanajua wapi wanapokelewa na wapi wanafukuzwa. Ukifika uliza mambo mawili: mkoje na dawa za hospitali, na mtu akirudi kunywa mnamfanyaje. Majibu ya hayo mawili yanatosha. Usiende na mtu wa kukusukuma, nenda na mtu wa kukaa na wewe. Hata kama umekunywa nenda. Na kwa pale kwetu fika saa 9 na nusu, geti la nyuma, saa 10 ikipita mihogo inakuwa imeisha.